Mama Njeri Alibaki Ndani

Jumanne, nyumbani Gitothua

Mikono bado inauma, lakini roho imetulia.

Mzee mmoja aliletwa kasualti, chumba cha dharura pale hospitali ya Thika, moyo ukiwa umesimama. Daktari akasema kama kawaida, "Sista, toa familia nje. Wataanza nduru, tushindwe kufanya kazi." Mimi mwenyewe nimetoa wengi. Leo nilikataa. Mama Njeri, mke wa mzee, alikuwa amemshika mguu tu. Anasumbua nani? Lakini niliogopa. Angepiga nduru, lawama ingekuwa yangu.

Tulimfinya mzee kifua kwa zamu mpaka tukaishiwa nguvu. Moyo haukurudi. Mama Njeri hakupiga nduru. Alimrekebishia soksi, basi.

Halafu shemeji yake, ndugu wa mzee, akafika kutoka Juja, amewaka moto. "Mmemwacha akafa! Mlikuwa mnafanya nini?"

Huwa tunajibu "tulijaribu", na hakuna anayeamini. Kabla nifungue mdomo, Mama Njeri akamwambia, "Wacha, Mwangi. Nilikuwa hapo. Jasho la huyu sista lilikuwa linamdondokea ndugu yako kifuani."

Mwangi akanigeukia. Akanipa mkono.

Nikitoka kazini, nilimwona daktari akivuta kiti, akakiweka karibu na kile kitanda alichokuwa amelala mzee. Hakusema ni cha nani; mgonjwa mwingine alikuwa bado hajaletwa, wala familia yake.