Ba, Kasuku Wako Wamehamia Kombewa

Mpendwa Ba,

Nimechoka leo, kwa hiyo uniwie radhi nikienda polepole. Nimekaa mezani. Pale kizimba kilipokuwa kimesimama, ukuta umebaki na doa jeupe, na chini kuna maganda ya alizeti ambayo sijapata nguvu ya kuyafagia. Najua ulipo barua haifiki, lakini nimeona heri habari hii uisikie kutoka kwangu. Moti na Tara hawako kwangu tena. Wanaishi Kombewa kwa mwalimu mmoja mstaafu, na wote wawili ni wazima.

Acha nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka nilivyofika barazani kwako nikitoka Vihiga, na cherehani yangu imefungwa kwa kamba? Mzee wako alinipa ile kona ya mbele ya duka lenu la vitambaa, na alipofariki ukalifunga duka lakini mimi hukuniondoa. Nilishona sare za shule na blauzi za sari, na jua likishapanda ulitoa kizimba nje ili ndege wako waote. Wote wa kijivu, mikia myekundu, kama ndugu wawili wasiofanana tabia. Moti, yule mkubwa, alikuwa msemaji. Aliijua sauti yako hata mimi nikadanganyika. Alikuwa akiita, "Rosa, chai!" nami naacha kitambaa chini ya sindano, naingia jikoni, nakukuta hujawasha hata jiko. Ulicheka mpaka ukafuta macho kwa ncha ya sari. Nilianza kukuita Ba, yaani mama, kama wanao walivyokuita, na hukunisahihisha.

Tara ndiye aliyekuwa wako. Kwa mtu mwingine yeyote alikuwa mkali. Uliniambia kwamba kabla hajafika kwako alikaa katika nyumba ambayo walimkamata kwa taulo kila walipomtaka. "Huyu alishikwa kwa nguvu," ulisema. "Yeye hapana sahau." Nilikuona asubuhi nyingi umeweka mkono wako mezani, kiganja juu, hakuna kitu ndani yake, huku unaongea na mimi habari za soko. Tara alikuja akasimama pale kama mtu anayerudi kwenye kiti chake. Siku moja nilijaribu na mimi, akaninyoshea mdomo nikaruka. Ukasema, "Wewe iko na haraka, Rosa. Ndege hapana penda haraka."

Kisha ukaugua, na mwanao akaja kukuchukua akupeleke Uingereza. Ulikataa kufunga sanduku mpaka jambo la ndege liishe. Kibali cha kuwafuga kikaandikwa jina langu, ukaniita jikoni, ukanishika mikono yote miwili, ukaniambia nisiwatenganishe. Nilikubali upesi kwa sababu ulikuwa unalia. Sikujua nimekubali nini.

Mume wangu Javan ndiye aliyekisukuma kizimba kwa mkokoteni hadi kwetu Migosi. Unajua nyumba yetu ni vyumba viwili. Alikitua katikati ya sebule, akavuta pumzi, akauliza, "Sasa hawa watu wawili watalala wapi?" Tukasogeza kabati. Watoto wa majirani wakajaa dirishani kumsikiliza Moti, na Moti akawapa kila alichokuwa nacho.

Habari ya kifo chako ilipofika kwa simu, mimi nililia siku ile nikanyamaza. Tara hakuwa na siku ya kulilia. Alianza kujinyonyoa. Kwanza manyoya ya kifuani, kisha ya chini ya mabawa, mpaka akawa na ngozi tupu, ya waridi, kama kuku aliyetolewa kwenye maji moto. Asubuhi nilikuta matone ya damu kwenye gazeti. Na kilichoniumiza zaidi ni hiki, Ba: kila Moti alipoita chai kwa sauti yako, Tara aligeuka kutazama mlango. Aliutazama kwa muda mrefu. Nilifikiri nimfunike Moti kwa leso ili anyamaze, lakini naye alikuwa na haki ya kukukumbuka kwa njia yake.

Nilikuwa na haraka, kama ulivyosema. Nilitaka apone wiki ileile. Nikaingiza mkono ndani ya kizimba na pilipili mbichi aliyoipenda, nikauacha mkono huko ingawa manyoya ya shingo yake yalikuwa yamesimama na mboni za macho zinasinyaa na kutanuka. Aliuma kidole changu cha shahada mpaka mfupa. Ulikuwa msimu wa kufungua shule, sare zimepangwa mpaka juu ya kitanda, na mimi siwezi hata kupitisha uzi kwenye sindano. Wateja wakachukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine. Javan aliniosha kidonda kwa maji ya chumvi, akifunga bandeji polepole, halafu akasema bila kuinua kichwa, "Rosa, huyu ndege anakula mkono unaotushonea."

Alikuwa amesema kweli.

Baada ya hapo niliacha mkono wangu nje. Nilihamisha kizimba kikawa juu kuliko kichwa changu, nikaketi kwenye kigoda chini yake, nikishona kwa mkono. Niliacha mlango wake wazi mchana kutwa. Nilimletea matawi ya mpera ayatafune badala ya kujitafuna. Niliimba nyimbo za kanisani. Moti akawa anatua begani kwangu na kung'oa vifungo vya gauni, na mara nyingi nilikwenda sokoni nimefunga nguo kwa pini. Tara alitazama tu. Nikisogea, alinguruma kama mtoto wa mbwa. Mvua ndefu zikapita, zikaja fupi, na bado ananguruma.

Nikachoka, Ba. Hukuniambia kwamba kazi hii ina uchovu wa namna ile. Nilichoka kufagia manyoya, nilichoka kukataa kwenda kulala matangani kwa sababu kuna anayenisubiri asiyenitaka. Nilichoka na ule unga mweupe unaotoka kwenye manyoya yao, unaotua juu ya kila kitu, na zaidi juu ya vitambaa vyeusi vya watu. Na kikohozi kilikuwa kimeanza. Nilidhani ni baridi ya asubuhi inayotoka ziwani, halafu nikadhani ni vumbi la nguo.

Alasiri moja nilifunga kazi mapema. Miguu ilikuwa mizito, kifua kimebana. Nilifika nyumbani nikatandika mkeka sakafuni pa sebule kwa sababu saruji ni baridi, nikalala kwa ubavu. Sikumsalimia mtu. Sikuimba. Ndege walikuwa wapi, sikutazama.

Nikasikia kucha kwenye saruji. Hatua chache, kimya, tena hatua. Nilijua si Moti, Moti huruka. Lakini sikugeuza kichwa, si kwa hekima yoyote, ila nguvu hazikuwepo. Akapanda kwenye leso niliyojifunika, akatembea juu ya mguu wangu, akasimama kiunoni. Nikahisi kila kidole chake kikipima kama nitasogea. Kisha akashuka hadi ulipo mkono wangu, akainamisha kichwa, akaifungua ile sehemu ya shingo nyuma ambayo ndege hawezi kujikuna mwenyewe.

Nilimkuna. Chini ya manyoya machache yaliyobaki kulikuwa na vijiti vidogo vipya, vigumu, vinavyoota. Akaanza kusaga mdomo wake taratibu, ile sauti uliyoniambia kwamba ni ya ndege anayetaka kusinzia. Nililia bila kutoa sauti nisije nikamshtua. Javan aliporudi alifungua mlango, akatuona, akavua viatu akavishika mkononi, akabaki amesimama nje. Alisimama pale mpaka Tara aliporudi mwenyewe kwenye kizimba.

Baada ya siku ile tuliishi vizuri. Alikuja kila alasiri. Kifua chake kikafunikwa tena, kijivu laini kama moshi. Moti naye akajifunza mlio wa cherehani yangu, na akajifunza kukohoa. Alikohoa kama mimi kabisa, mpaka Javan akawa anauliza kutoka chumba kingine, "Ni wewe au ni yeye?" Tulicheka. Kisha ikawa mara nyingi ni mimi.

Nilipofikia kupumzika njiani nikitoka kazini, nikaenda hospitali. Daktari aliuliza mambo mengi, kuhusu kuni, kuhusu kazi, na mwisho akauliza kama nafuga ndege. Nikamweleza kwa furaha, Ba, nikampa mpaka majina yao. Alinisikiliza hadi mwisho. Ndipo akanieleza kwamba ule unga wa manyoya unaingia mapafuni, na kwamba mwili wangu umeanza kupigana nao na unajiumiza wenyewe. Dawa alinipa. "Lakini mama, dawa haitakusaidia kama ndege wako ndani ya nyumba," alisema. Nikiendelea kukaa nao, mapafu yatakakamaa, na yakikakamaa hayarudi.

Nilijaribu ujanja wangu. Nilivaa barakoa. Tara aliponiona bila mdomo na pua alirudi nyuma kwenye kona ya kizimba na kunguruma, ule mngurumo nilioudhani umekwisha. Nilivumilia siku kadhaa, nikaona manyoya mawili chini, nikaivua barakoa nikaitupa. Akaja mara moja. Nikakohoa mpaka nikashika ukuta.

Javan ndiye aliyesema waondoke, na alisema kwa shida, kwa sababu naye alikuwa amewazoea. "Mimi nitabaki na nani? Na Moti akinikoholea kwa sauti yako?"

Waliotaka kuwachukua walikuwepo. Mmoja alitaka kuwaweka mlangoni pa hoteli wasalimie wageni. Mwingine alimtaka Moti peke yake, kwa kuwa anaongea. Niliwakatalia wote. Halafu mwanamke tunayesali naye akanitajia Mwalimu Atieno wa Kombewa. Aliwahi kufuga kasuku wa kijivu hadi akafa kwa uzee, kibali anacho, na veranda yake ndefu ameizungushia wavu. Nilipomweleza habari ya kifua aliniambia, "Mos, mama," pole kwa lugha ya huku, na hakuomba kuwaona siku hiyo. Aliuliza tu Tara anaogopa nini. Nikasema, taulo. Akasema basi nyumbani kwake taulo zitaanikwa nyuma.

Akawa anakuja Migosi. Mimi nilitoka, nikaketi kibarazani kwa jirani mbali na ule unga, na yeye akakaa kwenye kigoda changu, mgongo ameuelekeza kizimbani, akichambua mboga. Hakumwita Tara hata mara moja. Nilimsikiliza kupitia dirisha akijisemea habari za wanafunzi wake wa zamani. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote ulizoniachia, kumfundisha ndege asinihitaji. Kila mama yule alipoondoka niliingia kidogo, na Tara akanijia, nikafurahi kwamba bado ni mimi, halafu nikajua kwamba nikifurahi hivyo mimi ndiye ninayechelewesha.

Alasiri moja sauti ya Mwalimu ilikatika ghafla. Nikainuka nikachungulia. Tara alikuwa juu ya goti lake, kichwa kimeinama, na yule mama bado ameshika jani la kunde hewani, haliweki chini wala hapumui. Nilisikia wivu, Ba. Nilirudi kwa jirani nikaketi. Jirani aliniuliza kuna nini, nikasema hakuna, wako sawa.

Siku ya kuhama tuliwapeleka kwa pikapu ya rafiki yake Javan. Moti alipiga kelele njia nzima mpaka Kombewa. Tara alikaa chini ya kisanduku, kimya. Tulipofika, Mwalimu alifungua kisanduku ndani ya wavu, akaondoka, akaenda kutukaangia samaki. Wakatoka walipotaka.

Nilikwenda kuwaona wiki iliyopita. Nilikaa nje ya wavu, upepo wa ziwa ukinipiga mgongoni na kupeleka unga nyuma yao. Moti alinitukana kwa Kijaluo, amejifunza upesi. Tara alishuka kwenye tawi, akaja hadi wavuni, akainama. Nikamkuna kwa ncha ya kidole kupitia tundu dogo. Amejaa manyoya mwili mzima, hata chini ya mabawa. Kisha Mwalimu akatoka jikoni na sahani ya mahindi mabichi, na Tara akainua kichwa, akaondoka. Hakugeuka nyuma. Akapanda mkono wa yule mama, akala.

Sikumwita. Nilikunywa uji niliopewa, nikawatazama wote watatu, na kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka sikuwa na mtu wa kumwahi nyumbani.

Kifua kinafunguka kidogo kidogo. Javan bado anafungua mlango polepole, halafu anakumbuka. Sasa mvua imeanza kwenye mabati na ni mchana bado, lakini mkeka nimeshautandika. Nakwenda kulala, Ba. Nawe pumzika.

Binti yako wa barazani,
Rosa