Rejista ya Stesheni ya Pili

Kiamunyi, Nakuru
14 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo, nikitumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Goti lako linaendeleaje? Na baridi ya Kabazi, umeizoea ama bado unalala na koti? Sisi huku hatujambo. Wajukuu wako wanasoma, mahindi ya nyuma ya nyumba yamekauka vizuri, na mimi bado nafundisha gredi ya nne, napiga kelele kuliko kengele ya shule. Ukiuliza mimi mwenyewe niko vipi, nitakujibu mwishoni, kwa sababu nikianza na hilo sitafika mbali.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu yako siku hizi inapokelewa na ndugu yangu Sitati, na kila nikiomba kuongea nawe naambiwa Mzee amepumzika. Ni mtu gani anapumzika saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni? Halafu wewe mwenyewe ulitulea ukisema neno la simu halina sahihi. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa Immaculate, jirani yangu anayekuja Kabazi kila Alhamisi kununua kabeji za kuuza huku. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine. Sitati alinishauri kwamba nikitaka kukuandikia nitumie herufi kubwa kama za ubaoni, eti maandishi ya kawaida huyaoni tena.

Jumamosi iliyopita nilipita karibu na ile nyumba yetu ya kwota za relwe, ulikoishi kabla ya Kabazi. Sikukusudia, miguu tu ilinipeleka. Wapangaji wapya wameweka banda la kuku pale kwenye baraza uliposimamisha darubini. Mama wa nyumba hiyo alikuwa mtu mzuri, akanikaribisha chai, akaniuliza zile duara tatu za rangi nyeupe kwenye simiti ni za nini, maana amezisugua hadi amechoka na hazitoki. Nikamwambia ni alama za miguu ya darubini, ulizichora ili isimame palepale kila jioni, isisogee hata unene wa kidole. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayeangalia ndugu wa mgonjwa. Nilimaliza chai nikaondoka.

Nilitembea nikifikiria jinsi tulivyoanza. Mama alikuwa amezikwa miezi minne kabla, nawe hukuwa unaongea na mtu. Halafu yule mwalimu mzungu wa jirani alipofunga virago akakuachia darubini yake, na wewe ukarudi kuwa mtu mwenye kazi. Ukanitengenezea ya pili kwa bomba la maji la inchi nne, ukaileta Kiamunyi mwenyewe umeikumbatia. Miaka thelathini na moja ulifanya kazi ya kuruhusu treni kwenye reli moja, ambapo treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele ikubali, na sheria hiyo ukaihamishia mwezini. Nyumba yako ikawa Stesheni ya Kwanza, yangu ikawa Stesheni ya Pili. Kila mtu aangalie kwake, kwa saa yake. Ukiona kitu, andika dakika kwa penseli kwenye kikaratasi papo hapo, kisha nakili kwa wino kwenye rejista, utie sahihi. Hakuna kupigiana simu. Rejista zifunguliwe Jumapili baada ya ibada, mezani, mbele ya chai. Kitu kikionekana na stesheni zote mbili kwa dakika ileile, basi si uchafu wa kioo, si ndege, si ndoto ya mtu, kiko kule juu.

Miaka miwili tulifanya hivyo, Baba. Mwezi ukiwa mchanga, upande wake wa giza ukionekana kwa mbali, mimi nilikuwa nje saa moja jioni na sweta, sufuria ikiungua jikoni. Sitati aliangalia mara moja tu tangu darubini ije. Alisema mwezi unafanana na ugali ulioungua, akaenda kuwasha gari.

Desemba iliyopita ndipo ulipoona ile nuru mara ya kwanza, nukta nyeupe kwenye upande wa giza, dakika tatu nzima. Kwangu kulikuwa na mawingu. Uliwaandikia wale watu wa chama cha ng'ambo wanaokusanya habari za nuru kama hizo, wakakujibu kwa adabu kwamba ni jambo la kuvutia, ila wangependa siku moja ambayo stesheni zote mbili zimeona. Ulifurahi kama mtu aliyeitwa tena kazini. Mzee Makhanu, rafiki yako wa tangu siku za injini za mvuke, alikuja kukutania, akauliza kama nyaya za stima zimefika mwezini kabla ya kufika kijijini kwao. Ulicheka, Baba. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo tangu Mama.

Halafu ikaja jioni ya tarehe moja Februari. Mwezi wa siku tatu, Zuhura kando yake, anga safi kabisa. Wewe uliandika umeona. Rejista yangu iliandika sikuona kitu. Ukawapelekea nakala za zote mbili vilevile bila kuficha lolote, kwa sababu ndivyo ulivyo, na jibu likaja. Walisema kwa vile stesheni ya pili iliangalia dakika hizohizo kwenye anga safi na haikuona, yaelekea tatizo ni la kioo ama la jicho, wakakushukuru kwa bidii yako.

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyaseme, maana miezi hii yote nimekuwa nikiyasema kwa watu huku nikimlaumu Sitati peke yake. Sitati alituita Kikopey, kule kwenye nyama choma za barabarani. Nani anaita kikao cha familia Kikopey? Ila yeye anaamini kila jambo linamezeka vizuri na mbavu za mbuzi. Aliweka ile barua na rejista zote mbili mezani, kando ya kachumbari, akasema Mzee ameanza kuona vitu na sasa kuna ushahidi wa maandishi. Alisema hawezi kulala akijua baba yake anaishi peke yake karibu na reli, na kwamba nyumba irudishwe kwa relwe, uende Kabazi ukae naye. Wewe hukubishana naye. Ulisukuma sahani kando, ukanigeukia, ukaniuliza kama jioni ile niliangalia kweli. Nikakujibu ndiyo, niliangalia. Ukaniuliza kama nina hakika sikuona kitu. Nikasema nina hakika. Ukatikisa kichwa polepole, ukasema basi stesheni ya pili imekataa, treni haiendi. Ukaifunga rejista yako. Nyama ilipoa, hakuna aliyeila isipokuwa Sitati.

Alikupeleka kwa daktari wa macho. Daktari akasema macho yako ni ya kijana, miwani ya kusomea tu inatosha. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Sitati yeye akasema kama si macho basi ni kichwa. Nilikuwa kwenye simu aliponiambia hayo. Nilikuwa na neno moja ambalo lingemnyamazisha, na sikulisema. Darubini ikafungwa kwenye gunia, nyumba ikarudishwa, ukaenda.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia leo na si mwezi wa tatu ulipoondoka. Alhamisi iliyopita Immaculate alirudi na kabeji zake, akaja kwangu, akakaa bila kuvua leso. Alisema alikukuta umesimama getini kwa Sitati na umeshika kufuli. Ng'ombe wa jirani alikuwa amesimama njiani upande wa nje. Ulimwita Immaculate karibu, ukamwuliza kwa sauti ya chini kama pale njiani kuna ng'ombe, ama unamwona peke yako. Alipokuambia yuko, ulimshukuru, ndipo ukafungua. Akaniambia siku hizi gazeti hulisomi, unampa mtu akusomee, kwa sababu huna hakika maneno unayoyaona ndiyo yaliyoandikwa.

Sijalala vizuri tangu hapo.

Baba, niliiona. Tarehe moja Februari, saa moja na dakika kumi na mbili jioni. Nukta nyeupe kwenye upande wa giza, chini kidogo ya lile doa linalong'aa siku zote ambalo ulinifundisha nisilihesabu. Haikusogea, haikumetameta. Nilizungusha bomba, ikabaki mahali pake. Nilifuta kioo cha kuchungulia kwa kitambaa, ikabaki. Ilianza kufifia dakika ya kumi na tano, na dakika ya kumi na sita ikazimika. Niliandika dakika kwa penseli kwenye kikaratasi kama ulivyonifunza. Kisha nikaingia ndani, nikachukua kalamu ya wino, na kwenye rejista nikaandika kwamba anga ni safi, hakuna kitu. Nikatia sahihi.

Utataka kujua sababu, na sababu yenyewe ni ndogo, naona haya kuiandika. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikipangusa meza yako, nikaona nakala ya barua uliyowapelekea wale watu Desemba. Uliwaeleza stesheni zako mbili. Ya kwanza, Bw. Wamalwa. Ya pili, Bw. Sitati Wamalwa, mwanangu. Nilisoma mara tatu. Miaka miwili ya sweta na sufuria zilizoungua, na jina lililopanda ndege ni la mtu aliyeona ugali. Sikukuuliza. Labda uliona jina la mwanamume lingewafanya wakuamini, labda ulifikiri mimi sitajali. Nilijali, Baba. Bado inaniuma hata sasa ninapoandika. Nikasema moyoni, kama Stesheni ya Pili ni Sitati, basi Sitati na aione hiyo nuru.

Nilitaka ukose jibu moja zuri tu. Nilidhani utakasirika wiki moja, tutaendelea, mwezi mwingine ningeona na kuandika. Sikujua kwamba uliniamini kiasi hicho. Kama ungeniamini kidogo tu, ungesema Nerima amekosea. Badala yake uliamua kwamba wewe ndiye umekosea, kuhusu mwezi, kisha kuhusu nyumba, kisha kuhusu ng'ombe. Na pale Kikopey uliponiuliza mara mbili, mlango ulikuwa wazi, nikaufunga kwa mkono wangu kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Nimemchukia Sitati miezi hii yote kwa kukuondoa kwako. Yeye alisoma tu nilichoandika.

Ile nuru ni nini, sijui. Pengine hata wale wenye darubini za kujaza nyumba hawajui. Lakini ilikuwepo.

Pamoja na barua hii Immaculate atakupa rejista yangu, na ndani yake kile kikaratasi cha penseli. Nilikihifadhi, usiniulize kwa nini. Linganisha dakika na zako, nami zako nilikuwa sijaziona wakati nikiandika. Uliniambia kosa kwenye rejista halifutwi wala ukurasa hauchanwi. Linapigwa mstari mmoja tu ili liendelee kusomeka, la kweli linaandikwa juu yake, na aliyekosea anatia sahihi na tarehe ya siku aliyosahihisha, si ya siku aliyokosea. Nimefanya hivyo kwa wino mwekundu. Uongo wangu bado unasomeka vizuri. Tarehe ni ya leo, na yeyote atakayefungua ataona nilichelewa miezi minane na wiki mbili.

Sheria yako inasema pia kwamba sahihisho halihesabiki mpaka stesheni ya kwanza itie sahihi kando yake. Nafasi nimeiacha. Ukiiacha wazi sitakulaumu, wala sitauliza. Sitati nitamwandikia mwenyewe kesho, kwa maneno hayahaya. Nyumba siwezi kukurudishia. Chumba cha mbele hapa Kiamunyi hakina mtu, na dirisha lake linatazama magharibi, lakini najua huenda hutaki kuishi na mimi, na kama hutaki, una haki.

Uliniuliza, au ningependa kufikiri uliniuliza, mimi niko vipi. Siko sawa, Baba.

Nisalimie watoto wote hapo kwa Sitati, na mama yao. Jifunike vizuri usiku, na goti ulipake ile dawa. Mungu akulinde.

Utaona barua hii nimeiandika kwa herufi ndogo kabisa, ndogo kuliko za gazeti. Nimefanya makusudi. Usimpe mtu akusomee. Kila neno unaloliona hapa, nimeliandika.

Ni mimi binti yako,
Nerima Wamalwa
Stesheni ya Pili