Kwa Nini Nilitoka Kwenye Kikundi

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kaloleni tu wazima, mama yako ameacha kukohoa. Unauliza kwa nini nilitoka kwenye kikundi cha familia katika simu. Mnaandika "xaxa", "cjui", na vifupisho vingine. Nikiuliza maana, mnanicheka. Adabu gani hiyo?

Nikiwa msichana, mimi na dada yangu tuliongea Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, mezani ili Mama asielewe. Siku moja alibeba sahani yake, akaenda kula kwa jirani. Tulicheka, kisha nikaacha ugali wangu. Nikamfuata, nikamweleza kila neno, hata lile la kusema ugali wake mbichi. Alicheka kutushinda.

Basi nirudishe kikundini, mtundu wewe. Nikiuliza, nieleze, hata kama mnanisema mimi.

Nyanya yako, bado nimenuna kidogo.