Mbao Niliyoishika Mimi

Jakobsberg, Stockholm
9 Februari 2025

Mpendwa Bibi Winifrida, mchumba wangu,

Kaa kitako kwanza. Anayekuandikia ndiye mwanaume hatari kuliko wote Uswidi nzima. Nikirusha teke hapa, vioo vya maghorofa ya Kista, mtaa wa jirani, vinatikisika. Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yale meno mawili bado yanaelewana? Sisi tupo, baridi inatumaliza tu.

Uliuliza kwenye simu mchezo wetu wa mateke ni dini gani. Si dini, Bibi, ni taekwondo. Mwalimu wetu Josefin anasema uliundwa Korea miaka ya hamsini, baada ya vita vyao, na walimu ambao wengine walishajifunza karate ya Wajapani. Wenyewe hupenda kusema una miaka elfu mbili. Wewe unapunguza umri, wao wanaongeza. Halafu walimu wakatawanyika dunia nzima, mpaka ukaingia Olimpiki. Hapa Waswidi, Kahindo wa Goma na Samir wa Iraki, wote tunahesabu kwa Kikorea na kuinamiana kabla ya kupigana. Shule ilinishinda, lakini hesabu hiyo naijua.

Dada Vumilia nilimpeleka mazoezini mimi. Ulipomleta aishi nasi uliniambia nimwangalie. Alinipita kwa mateke ndani ya miezi mitatu, ila usimwambie mtu.

Sasa haendi tena. Plasta ngumu wameitoa, lakini vidole vya mkono wa kulia havikunjiki, na daktari anasema huenda ikabaki hivyo. Masomo ya uuguzi ameyasimamisha, maana sindano haishikiki. Anashinda dirishani. Mama akimwita anajibu "nipo", basi. Nimemfanyia vituko vyangu vyote, hacheki. Nimeishiwa, Bibi.

Wasalimie baba mkubwa Kasiani na shangazi Veneranda. Mungu akupe usingizi mzuri, ingawa baada ya haya sijui.

Tulikwambia aliteleza kwenye barafu. Hakuteleza. Ulikuwa mtihani wa kupanda mkanda, kuvunja mbao kwa ngumi. Mbao hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, na anayeishika ndiye wa kuigeuza sawasawa. Aliyeishika ni mimi. Aliniuliza, "Umeangalia nyuzi?" Nikamwambia, "Piga bwana, acha woga," huku nikimchekea Samir aliyekuwa ananirekodi. Sikuwa nimeangalia, na mbao haikupasuka, ukavunjika mkono wake. Habari ya barafu aliitunga Vumilia mwenyewe, ukiwa bado unasubiri kwenye simu, ili usinichukie.

Akupendaye hata ukinikasirikia,
mjukuu wako,
Dominic