Kuku Juu ya Dosie

Kasongo, 9 Februari 2025

Yaya Séraphine, dada yangu mukubwa,

Kwa masikitiko na heshima kubwa, ninatangaza kwa jamaa yote, ya Wamaza na ya kando ya Lualaba, kwamba kuku uliyetutumia Noeli amekataa kiota. Mado alimtandikia majani ya mpunga, pazuri kuliko kitanda chetu. Yeye ameingia katika katoni ya dosie yangu ya doktora, yale makaratasi yote ya maombi, na kutaga juu ya kopi ya diploma. Kikao cha familia kimefanyika. Imeamuliwa asiguswe.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Mguu unaendeleaje? Mpunga mumekwisha kuvuna? Sisi tuko wazima. Mado anakusalimu, na anasema nikitazama telefone tena wakati wa kula, siku moja atanipikia telefone.

Jibu kutoka chuo kikuu cha Bukavu, bado. Unajua niliomba nafasi moja tu, ya kufanya doktora juu ya mpunga wetu wa mlimani, ule wa shamba lako. Mwaka kesho nitakuwa nimepita umri wanaoukubali, kwa hiyo ni mwaka huu ao basi. Kila jioni napanda hadi ukuta wa parokia, mahali rezo ya telefone inashika, nainua telefone juu kama mutu anayeapa mbele ya hakimu. Wanafunzi wangu wananisalimu kwa adabu, wanangoja wapite kona ndipo wacheke. Profesa mwenyewe, Mama Marie-Louise, aliniandikia mara moja, salamu tu za adabu. Tunangoja.

Mudogo wako,
Wenceslas

Wamaza, 2 Machi 2025

Mudogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mado na kwa huyo kuku mwenye akili. Nourdine alileta barua yako na pikipiki, imelowa mvua nusu. Nusu ingine nilisomea watu hapa uwanjani, tukacheka mpaka kahawa ikamwangika. Hapa tuko muzuri. Mguu unauma siku ya kazi ya kanisa. Siku ya soko hauumi, sijui sababu. Mpunga iko. Panya pia iko.

Sasa usikonde. Kuomba masomo ni sawa na kuposa. Muchumba wako iko Bukavu, na wewe unaenda na mvi zako. Wakwe wa maana hawajibu haraka. Wakijibu haraka, ujue binti iko na kasoro. Lakini uniambie kitu kimoja: hizo salamu za adabu zilisema nini? Mutu mukubwa haandiki salamu bure.

Yaya yako

Kasongo, 6 Aprili 2025

Yaya,

Umeamkaje huko? Mguu je, umepona hata siku za kanisa? Sisi wazima, ila mimi nimekonda kidogo, na walimu wenzangu sasa wananiita Bwana Harusi. Hilo jina halikutoka Kasongo. Nourdine alilileta pamoja na barua yako.

Zile salamu zisikuumize kichwa, ni maneno ya watu waliosoma. Ukutani pa parokia hakuna kipya. Nafasi zitafungwa mwisho wa Mei. Nimemwambia Mado kwamba sina wasiwasi, naye ameniuliza kwa nini basi nimevaa shati kinyume.

Mudogo wako

Wamaza, 27 Aprili 2025

Wenceslas,

Habari za nyumba? Sisi tuko. Umeniuliza mguu mara mbili, lakini swali yangu haukujibu. Tangu utoto, ukiuliza sana habari ya mguu wa mwenzako, iko kitu umeficha.

Basi nimetuma Baba mudogo Musafiri. Ndoa zote za familia hii ni yeye aliziposa, na hakuna hata moja alirudi nayo mikono mitupu. Ameondoka na wachuuzi wa dhahabu wa Lusangi wanaopita mpaka Bukavu, na mpunga mweupe, na dada ya kuku wako chini ya kwapa. Atafanya vile anafanyaka: atakaa kwa mulango wa mama huyo, kimya, mpaka aulizwe.

Usijaribu kumuzuia. Hana telefone, na angekuwa nayo angepiga kelele tu bila kusikia.

Yaya yako

Kasongo, 25 Mei 2025

Yaya yangu,

Uko muzima? Sisi wazima wote, na mimi mzima kuliko ninavyostahili. Mado amesimama nyuma yangu ili niandike yote bila kupamba. Basi haya ndiyo yaliyotokea.

Zile hazikuwa salamu. Mwezi wa kwanza Mama Profesa aliniuliza: bado unaitaka nafasi hii? Mimi nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kwetu mutu akiulizwa kama kweli amefuata binti, hajibu mara ya kwanza kama mwenye njaa. Anangoja aulizwe mara ya tatu. Lakini huo ulikuwa udhuru. Niliogopa, yaya. Nilikuwa nimeona picha ya wanafunzi wake. Mukubwa wao analingana na mutoto wetu wa pili. Basi yeye akaningoja, nami nikamngoja, na kila jioni nilipanda ukutani kutafuta jibu ambalo mimi ndiye nililikalia.

Baba mudogo akafika. Akakaa kwa mlango wake, kuku kati ya miguu. Mama Profesa akamwuliza shida yake, mzee kimya. Akampa chai, akainywa, kimya. Alipouliza mara ya tatu, mzee akasema: "Tuna kijana wetu kule Kasongo." Kijana, yaya. Wanasema mama wa watu alicheka mpaka akatafuta kiti. Ndipo akanipigia, na mimi niko ukutani.

"Bwana Wenceslas, bado unaitaka?"

Nikanyamaza. Tena.

Nyuma yake nikasikia sauti ya Baba mudogo, nadhani hata bila telefone ningeisikia: "Wanaonyamaza ni mshenga na upande wa binti. Wewe ndiye unaposa. Siku ya kumposa Mado ulikuwa nje unafukuza mbuzi, hukuona kitu. Tulipoulizwa kama tunamtaka, yaya yako ndiye alisema ndiyo, mara ya kwanza, mpaka majirani wakatoka."

Nikasema ndiyo. Rezo ikakatika kidogo, akaomba nirudilie. Nikarudilia kwa nguvu, na waliokuwa wakisali rozari upande wa pili wa ukuta wakaitika Amina.

Nimepokelewa. Naondoka mwezi wa kumi, nitapitia kwako kuchukua mbegu, na hapo nitakujibu kila swali mara ya kwanza.

Inabaki kuku. Vifaranga vyake vya kwanza vimekua, naye amerudi katika katoni kulalia mayai mengine. Nimemweleza kwamba dosie inatakiwa Bukavu. Nimemwuliza mara mbili kama atatoka. Ananitazama tu, kimya, kama upande wa binti.

Mudogo wako, kijana wa Kasongo