Kulabu Iliyochovywa Maji

Nyumba ya Nyuma ya Gereji,
Alhamisi, 9 Mei.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Natumaini baridi ya huko haikuonei. Dada yako, mama yetu, hajambo. Presha imeshuka, sauti imepanda.

Mimi ndiye sina raha, na sababu ni mwanafunzi wako, kaka yangu fundi.

Kulabu ya winchi yake, ile inayoning'iniza injini, ilianza kufunguka mdomo. Badala ya kununua nyingine, akaichoma ikawa nyekundu, akaikunja, akaitosa kwenye ndoo ya maji. Anatamba kwamba ameikaza kama ulivyomfundisha kukaza tindo.

Tindo, Mjomba! Tindo inataka makali, kulabu inataka uvumilivu. Nimesoma, na nitabishana na yeyote: chembe za chuma zimejipanga safu kwa safu, na kwenye kulabu safu hizo lazima ziweze kuteleza kidogo. Kule kufunguka mdomo kulikuwa onyo. Ukiichovya, safu zinafungwa. Inakuwa ngumu, hata tupa ya kunolea haiiumi, lakini haitakunjika tena. Itakatika bila hodi.

Nilipomwambia, akacheka: "Dada, kitabu kimewahi kunyanyua injini?"

Nikachukua kulabu ndogo aliyoichovya siku ileile, nikaipiga nyundo mbele ya mafundi wenzake. Ikakatika kama biskuti.

"Sawa," akasema, "lakini mimi sinyanyui injini kwa nyundo." Gereji nzima ikaangua kicheko, naye akarudi kulala chali chini ya injini ya lori iliyoning'inia kwenye kulabu ile kubwa, miguu tu nje, anaimba.

Vipande viwili nimempa dereva jirani yetu akuletee pamoja na barua hii. Ningekueleza kwa simu ungeniita mbishi, kama kawaida. Tazama palipokatika panavyometameta kama sukari, kisha umpigie kabla hujamaliza chai. Nikisema mimi ni ubishi. Ukisema wewe ni ufundi.

Msalimie mkaza mjomba na mapacha. Mama anawaombea nyote afya na riziki. Mungu akulinde, na amlinde yule mkaidi.

Mpwa wako anayekupenda na kukuchosha,

Dada Mbishi

Tena: ile kulabu kubwa nimeiiba jana, nimeifungia kabatini. Nilidhani nimepata nafuu. Asubuhi hii nimemkuta anapuliza moto, anatengeneza nyingine, na ndoo iko kando yake.