Mchezo wa Sehemu Tupu

Jumatatu, 5 Mei 2025
Elisante amejibu kutoka Prague. Nilikuwa ofisi ya walimu nasahihisha madaftari ya Form Two, simu ikatetemeka. *Kuanzia 0.4286 hadi 0.4288.* Basi. Hata salamu hakuna. Nikatabasamu hivyo hivyo, mpaka Hamida, mwalimu wa jiografia, akauliza kama nimepata uhamisho.

Nikamwonyesha mchezo nyuma ya karatasi ya mtihani. Elisante anachagua kipande cha mstari wa namba. Mimi nachagua kipande kidogo zaidi ndani ya chake, yeye ndani ya changu, bila mwisho. Mimi ni mchungaji: nataka ibaki angalau namba moja iliyomo ndani ya vipande vyote. Yeye mfutaji: anataka isibaki hata moja. Kwenye mstari mzima mchungaji akiwa makini hashindwi. Ila sisi tunahesabu sehemu tu, nusu, robo, tatu kwa saba na wenzake. Sehemu zote zinaweza kupangwa kwenye orodha. Elisante anashuka nayo, kila zamu anakwepa moja. Leo ameniondolea 3/7.

Hamida akasema, basi atakumaliza. Nikasema ndiyo. Akauliza, umejua lini? Tangu siku ya kwanza, alipopendekeza tucheze na sehemu.

"Sasa unacheza nini, Vumi?"

Nikamwambia kengele imelia. Ilikuwa kweli.

Mchezo hauishi. Kila Jumatatu lazima mtu ajibu. Hilo sikumwambia.

Jumamosi, 10 Mei
Gare, kwa baba. Mvua tangu asubuhi, ukungu umekaa kwenye kahawa. Tulichambua maharage jikoni.

Baba kakutana na watu wa Rangwi, kwao Elisante, sokoni. Kasema, yule kijana wako wa hesabu kampa kaka yake kile kiwanja. Aron ameshachimba msingi.

Nikauliza kiwanja kipi. Kana kwamba ana viwanja kumi.

"Kile cha juu ya kanisa. Si mlikwenda kukipima?"

Tulikwenda. Mwaka 2019, wiki moja kabla hajapanda ndege kwenda Prague kusomea udaktari wa hesabu. Tulipima kwa hatua, mimi nikihesabu. Akasema huu ukuta hautakuwa na dirisha, utakuwa ubao, mchana kutwa tutaandika. Alisema *tutaandika*. Sijawahi kumuuliza maana yake nani. Miaka sita!

Baba akaniangalia. Akasema kwa Kishambaa, taratibu, nisitupe maharage mazima pamoja na mabovu. Nilikuwa natupa.

Jumatatu, 12 Mei
Zamu yangu. Kipande ninacho, 0.42865 hadi 0.42875. Sikutuma.

Jumatano, 14 Mei
Kapiga simu. Kapiga yeye! Nilitoka darasani, nikasimama kwenye veranda, Form Three wakinichungulia dirishani.

Akauliza kama naumwa. Sijawahi kuruka Jumatatu.

Nikasema, "Aron anajenga."

Nikasikia tramu, ile treni ya barabarani, huko kwake, au kitu kama tramu.

"Nilitaka kukwambia mwenyewe. Wamenipa kazi ya kudumu huku, Vumilia. Nimekubali Februari."

Februari. Ametuma vipande vingapi tangu Februari, na vyote vya namba tu.

Nikasema hongera. Nilimaanisha, kazi ile anaistahili kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kisha akasema tuuache ule mchezo, si haki, tangu mwanzo ananishinda. Alidhani ningegundua baada ya wiki mbili nikatae.

"Niligundua siku ile ile."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Wanafunzi walikuwa wameacha hata kujifanya wanasoma. Nikasema, "Kwa sababu ungekuwa unajibu."

Mimi nikakata, nikarudi kufundisha milinganyo. Nilikosea ishara mara mbili ubaoni, na hakuna aliyenyoosha mkono kunisahihisha.

Ijumaa, 16 Mei
Hamida kaniletea chai mezani, hakuuliza. Ana huruma ya kimya, yule dada wa Tanga.

Kutwa nimewaza. Kumkosa nimezoea, kama baridi ya Juni. Ila nimekuwa nikimkosa kwa adabu mno.

Saa tisa, walimu wengine wameondoka, nikamwandikia: tuanze mchezo mpya. Mstari mzima, namba zote. Mfutaji niwe mimi.

Akajibu papo hapo. *Lakini kwenye mstari mzima mfutaji hawezi kushinda kama mwenzake anachunga.*

Nikaandika: *Najua. Nataka kuona kama unachunga.*

Nikatuma na kipande changu cha kwanza. Sifuri hadi moja, pana kabisa, achague anapotaka.

Ameshasoma. Inaonyesha anaandika. Imeacha. Anaandika tena — kwa mtu wa kutaja namba mbili tu, anachelewa mno —